Mtunzi Hajulikani

Kila Jumatatu saa tatu asubuhi Philomena alitundika koti lake nyuma ya mlango, akavua buti za theluji, akavaa kandambili alizotoka nazo nyumbani, kisha akaanza kusoma fomu za maoni ya wasikilizaji. Ndiyo kazi iliyomweka katika ukumbi ule wa muziki hapo Toronto: kusoma, kuchapa, kuweka kwenye faili. Jumatatu hiyo ya Februari 2011 fomu zilikuwa mia mbili na kumi. Wasikilizaji themanini walikuwa wameelea hewani zaidi ya mita moja.

Hilo halikuwa jambo geni. Tangu bendi ya Philip ianze kuchanganya zumari la mfuko la Waskoti, lile linalobanwa kwapani kama kuku wa Krismasi, na gitaa la umeme, watu walikuwa wakiinuka vitini kwenye wimbo wa nne. Ukumbi ulipandisha taa, ukafunga mikanda kwenye viti, na kuwaomba waliovaa sketi, wanaume kwa wanawake, wakae safu za nyuma.

"Zumari limeniita kwa damu," aliandika bwana mmoja wa Richmond Hill. "Babu wa babu yangu alikuwa Mskoti." Mwingine alikuwa ameuona ukungu wa milima ya huko akiwa darini. Mama mmoja hakulipenda gitaa hata kidogo, lakini alikiri kwamba aliinuka, yeye na mkoba wake. Philomena aliyachapa yote bila kukosea herufi, na kila alipofika kwenye neno zumari nyongo ilimpanda.

Maana kilichowainua hakikuwa zumari. Ilikuwa ilimba ya mumewe Tomasi, kile kibao cha Wagogo chenye vipande vya chuma vinavyopigwa kwa vidole gumba. Miaka miwili nyuma Philip alimwalika Tomasi studio Jumamosi moja, akamrekodi, akampa chai. Sasa sauti ile ilitolewa kwenye kompyuta kila onyesho, na Tomasi alikuwa karani wa ghala la vioo kama zamani.

Siku ile ya kurekodi Philip aliuliza wimbo ni wa nani. Tomasi aliutunga mwenyewe mtaani kwao, Lawrence Heights, majira ya baridi ambayo binti yao Abigael alikuwa anaota meno na halali. Lakini kijana aliyelelewa kwao hasemi wimbo ni wangu wakati wazee wanaishi. Huo ni ushamba, tena ni utovu wa adabu. Akajibu, "Ni wa wazee." Kwenye jalada la santuri wakachapa: Wimbo wa jadi. Mtunzi hajulikani.

Mtunzi hajulikani alikuwa sebuleni jioni ya Jumatatu hiyo ya fomu, kajilaza kwenye kochi, anatazama hoki.

"Wanachapa toleo la pili mwezi ujao," Philomena alimwambia. "Nataka jina lako liwemo, Baba Abigael."

"Chema chajiuza, Mama Abigael."

"Kimejiuza. Lakini hata muuza nyanya wa Dodoma watu wanamjua jina."

"Dad, just tell them it's yours," alisema Abigael bila kuacha kuchora. Tomasi akaongeza sauti ya televisheni.

Basi Philomena akamwendea Kangethe, fundi sauti wa ukumbi, Mkenya mwenye moyo mwepesi. Alimwomba kitu kimoja: Jumamosi kwenye onyesho la mchana aizime ilimba, aache vingine vyote.

"Mama Abi, hiyo ni kuniwekea job kwa line, wanaweza nifuta," Kangethe alisema. Akakuna kichwa. "Lakini ata mimi nimekuwa nikijiuliza. Sawa."

Jumamosi wimbo wa nne ulipigwa, na zumari likalia kwa nguvu zake zote. Watu mia tatu wakabaki vitini. Walijikaza, wakafumba macho, wengine wakalegeza mikanda ili kusaidia, lakini hakuna aliyeachana na kiti. Fomu za siku hiyo zilijaa malalamiko. Bwana wa Richmond Hill aliandika kwamba mpiga zumari alionekana mgonjwa.

Philip alimwita Philomena Jumatatu. Hakuwa na hasira. Alikuwa mtu mpole, tena alikuwa ameshamtengenezea kahawa.

"Tunajua ni ilimba," alisema. "Tumejua tangu mazoezi ya kwanza."

"Basi andikeni jina lake."

"Mwenyewe alisema ni wimbo wa wazee. Tunayo hata sauti yake akisema hivyo. Philomena, tunauheshimu sana utamaduni wenu. Kumpa mtu mmoja mali ya watu wote, sisi hatuwezi kufanya hivyo."

Philomena aliinuka akaenda zake. Kahawa aliiacha mezani. Kangethe alipelekwa mlangoni kukagua tiketi, na kitufe cha ilimba kikafungwa kwa kifuniko chenye kufuli. Toleo la pili lilitoka Aprili. Lilikuwa na jalada la kijani na maneno yale yale.

Philip hakuwa mchoyo, lakini. Aliwatumia Philomena na mumewe tiketi mbili za safu ya tatu. Tomasi akavaa suti yake ya kanisani, akafunga mkanda kama alivyoelekezwa, akaweka mikono magotini. Wimbo wa nne ulipoanza, vidole vyake gumba vikawa vinaufuata vyenyewe. Ilimba ikaingia, na ukumbi mzima ukapaa. Viatu vya watu vilining'inia juu ya kichwa chake. Yeye hakunyanyuka hata unywele. Philomena alivutwa juu mpaka mkanda ukamkata tumboni, akaushika mkono wa kiti kwa nguvu zake zote ili asimwache mumewe peke yake huko chini.

Bibi mmoja mwenye mvi, aliyekuwa akielea karibu na taa, aliinama akamwona Tomasi. Akamhurumia.

"Usivunjike moyo," alimwambia. "Muziki wetu huchukua muda kumwingia mgeni."

Tomasi akamshukuru, akasema atajitahidi.