Mkono Kwenye Tuta la Mchicha

Jioni ile Beatrice alikuwa akimwagilia bustani nyuma ya nyumba yao, Magomeni, mjini Kilosa, kwa kopo la rangi lililotobolewa tundu kwa msumari. Mama mkwe wake, Magreti, alikuwa kibarazani akichagua choroko. Mchicha ulikuwa umepungua tena. Mashina yaliondoka na mizizi yake, na udongo ulionekana kusukumwa kutoka chini.

"Fuko huyo," alisema Magreti. "Mtegee."

Beatrice alitega mtego wa kijiti na kamba, kama mafuko wanavyotegwa siku zote, akaenda kuinjika maji ya ugali. Hayajachemka, simu ikaita. Alikuwa mumewe, Filipo, fundi wa lifti Dar es Salaam.

"Mama Neema, nani ameninasa kwa kamba?"

Beatrice alitoka nje na simu sikioni. Katikati ya tuta la mchicha ulikuwa umechomoza mkono wa kuume wa mwanaume, kamba imebana vidole viwili. Kucha zilikuwa na weusi wa grisi. Kwenye kidole gumba palikuwa na kovu la panga, kovu alilolijua vizuri. Aliikata kamba kwa kisu cha jikoni.

"Pole, Baba Neema. Tulidhani fuko."

"Haya, fuko amepoa," alisema Filipo.

Filipo alifanya kazi katika jengo refu katikati ya jiji, mahali penye mabenki na ofisi. Mchana watu walijaa barabarani. Jioni waliondoka wote, kwa sababu hakuna aliyeishi pale. Aliyebaki ni Filipo. Mkataba ulimtaka alale juu kabisa, chumba cha pili kutoka kwenye mota za lifti, ili ikikwama afike kabla walio ndani hawajaanza kupiga kelele. Alikuwa akitafuta mboga tangu alipoajiriwa. Duka la vioo lililokuwa chini liliuza manukato, biskuti, na nyanya zilizofungwa kwenye plastiki mojamoja kama dawa. Akina mama waliokuwa wakipanga mafungu ya mchicha pembeni mwa barabara waliondolewa ili jiji lipendeze. Soko lilikuwa mbali kuliko muda ambao mtu anaweza kuachwa ndani ya lifti.

Kwa muda Beatrice alituma kikapu cha mboga. Kilipitia Mikumi, kikapandishwa basi la kutoka Mbeya, kikafika stendi ya Dar es Salaam salama. Filipo hakuruhusiwa kwenda kukichukua. Nyanya zilioza hukohuko. Ndipo siku moja kiberiti chake kikadondokea kwenye ndoo ya mchanga wa kuzimia moto, naye alipopapasa akikitafuta, akagusa majani yenye umande: mchicha wa nyumbani.

Sasa Magreti alishuka kutoka kibarazani. "Mwanangu anaingia nyumbani, anachukua mboga, hata hasalimu?"

Mkono ulisita. Kisha ukageuka, kiganja kikatazama juu.

"Marahaba," alisema Magreti. "Sasa chuma. Machanga yaache."

Tangu hapo mkono ulikuja kila jioni. Ulisalimu, ukachuma. Beatrice aliuwekea karibu bamia, vitunguu, dagaa kwenye karatasi. Alipenda kuushika kidogo kabla haujaondoka, lakini haukuwa mkono wa kutulia. Hata ukiwa ndani ya mikono yake, vidole viligongagonga kama vya mtu anayesubiri kuitwa.

Sipora, mama wa Kimasai aliyewaletea maziwa, aliutazama siku ya kwanza akaweka dumu chini. "Si mumvute tu?"

Walimvuta, Sipora nyuma, Beatrice mbele. Kiwiko kilitoka. Udongo ulianza kupasuka mahali pa bega. Simu ikaita.

"Niachieni! Lifti namba mbili imekwama, kuna mama mjamzito ndani!"

Wakamwachia.

Kipaimara cha Neema kilikuwa kimekaribia. Filipo alikuwa amemwahidi binti yake kwamba atakuwepo, naye aliomba ruhusa mara tatu. Kila mara mkono uliporudi, Neema aliinama kwenye tuta na kuuliza, "Baba, wamekubali?" Mkono ulipiga udongo taratibu, kisha ukachuma.

Meneja wa jengo alipopita Mikumi na wageni wake kwenda kuona wanyama, Beatrice, aliyedokezwa na Filipo, alipanda gari la asubuhi akamkuta hotelini, anakunywa chai.

"Shikamoo."

"Marahaba. Filipo ni fundi mzuri sana," alisema meneja. "Mwanzoni alinisumbua: chakula hakuna, chakula hakuna. Siku hizi anapika matembele, ngazi zote zinanukia."

"Tunaomba siku moja tu, mzee. Mtoto anapata kipaimara."

"Mama, ameniambia mwenyewe. Mkono wake unafika nyumbani kila jioni." Alikoroga chai. "Sasa likizo ya nini? Nina mafundi ambao hata kidole hakijafika kwao tangu mwaka jana."

Barabarani lori la nyanya za Kilosa lilipita likielekea Dar es Salaam. Beatrice alilitazama mpaka likapotea. Alishukuru kwa kusikilizwa, kama alivyofundishwa, akarudi.

"Msilie," alisema Sipora jioni hiyo. "Kwetu mtoto anainamisha kichwa, mkubwa anaweka mkono. Miguu haitakiwi."

Siku ya kipaimara, kabla ya kwenda kanisani, Neema alitandikiwa gunia akapiga magoti kwenye tuta na gauni lake jeupe. Ilikuwa asubuhi, si wakati wa mkono, lakini ulitoka. Ulisalimu kwanza. Neema akainamisha kichwa. Mkono ulipapasa hewani, ukampata, ukatulia juu ya shela yake. Kwa mara ya kwanza vidole havikugonga.

Chini ya udongo kengele ya lifti ililia, kwa mbali. Mkono ulishuka, ukachuma bamia mbili za haraka, ukazama. Kwenye shela ilibaki alama ya vidole vitano, ya udongo na grisi.

"Nikufutie?" aliuliza Beatrice.

"Hapana, mama."

Walikuwa wamefika kona ya nyumba waliposikia udongo unatifuka tena. Mkono mwingine ulikuwa umechomoza pembeni, mwembamba, umevaa shati la sare ya mlinzi. Bila kuambiwa ulijigeuza, kiganja juu.

"Marahaba," alisema Magreti.

Beatrice alimkabidhi Neema mwavuli, akamwambia atangulie na bibi yake. Akaenda kuchukua jembe, aongeze tuta.