Punda wa Begani

Jumanne asubuhi, katika fremu yake ya ushonaji karibu na soko la Bariadi, Scola alifungua mfuko wa nembo alizotarizi juma zima, akakuta punda hawamo. Gurudumu lilikuwepo, na neno "Tunafikisha" lilikuwepo. Ila katikati, pale punda mwenye mzigo alipotakiwa kusimama, palikuwa na kitambaa cha kijani kitupu, hata tundu la sindano halionekani.

"Wametoka," alisema Elizabeth, muuza vitumbua wa mlangoni. "Wameshika njia ya Somanda. Nilidhani umewatuma wewe."

Scola akafunga fremu, akawafuata. Nembo zilikuwa za kikosi cha uchukuzi cha jeshi, ambacho watu walikiita Kikosi cha Punda. Jumamosi kilikuwa na sherehe yake ya kumbukumbu, na askari hawezi kwenda gwaride na gurudumu peke yake begani.

Aliwakuta wametawanyika mitaani. Walikuwa na kimo cha punda wa kawaida, isipokuwa nyuzi zilizoning'inia masikioni. Kila mmoja alisimama kwenye mlango wa nyumba, ameshusha mzigo wake. Mzigo huo ulikuwa mwanamume kijana, amejaa vumbi, anapokewa na bibi kizee.

Wa mwisho alikuwa uani kwa mama yake Scola, Ng'washi, akitafuna matembele. Jilala, baba yake Scola, alikaa kwenye kigoda akinywa uji.

Jilala, kama wale vijana wengine, alikuwa dereva wa lori; lake lilikuwa la pamba. Wakati wa vita ya Kagera lori lilichukuliwa kubeba risasi za kikosi, naye akachukuliwa pamoja nalo kama tairi la akiba. Alimwacha Ng'washi na mimba ya Scola, hakurudi. Sasa alikuwa na umri uleule alioondoka nao, akiwa mdogo kwa binti yake kwa miaka mingi.

"Mwangaluka, baba," Scola alimwamkia kwa Kisukuma, akapiga goti.

"Mwangaluka, mwanangu. Mbona umezeeka hivyo?"

"Mwache amalize uji," alisema Ng'washi. "Barabara ilikuwa mbaya."

Mchana alikuja Kapteni Debora kuulizia nembo zake. Alimwona punda, akamwona Jilala, akavua kofia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Afadhali umekuja. Naomba niandikwe kwenye historia ya kikosi. Nilifia kwenye usukani, nimebeba risasi zenu."

"Historia imeshachapwa, mzee. Inasema kikosi hakikupoteza mtu hata mmoja."

"Na mimi?"

"Wewe ulikuwa raia. Ulikuja na lori."

"Na lori je?"

"Lori limeandikwa."

Jilala akarudi kwenye uji. Scola ndiye aliyechemka. "Basi Kapteni, punda hawarudi kwenye nembo mpaka baba aandikwe. Kazi ni yangu, nimekataa."

Kapteni alimwonea huruma kweli. Lakini alitoa filimbi mfukoni, akapuliza, na punda, kwa kuwa walikuwa wa jeshi, wakaja kutoka kila mtaa wakajipanga mistari mitatu. Yule wa uani alimalizia jani lake kwanza. Wakaingia kwenye mfuko mmoja mmoja, kila punda kwenye kitambaa chake. Kapteni akashukuru, akauchukua mfuko. Madereva walibaki.

Jumamosi madereva na jamaa zao walikaa upande wa raia, kwenye viti vya plastiki, nje ya turubai. Afisa alisoma historia kwa sauti nzuri, akayataja malori kwa namba zake. Lilipotajwa lile la pamba, Jilala alipiga makofi kwa nguvu, akamwambia mkewe lilikuwa gari zuri, ila gia ya pili ilikuwa inagoma. Ng'washi alimfuta vumbi begani. Scola alitazama chini.

Kwenye ratiba hapakuwa na dakika ya kusimama kimya, maana hakuna aliyepotea. Baada ya historia watu walikwenda moja kwa moja kwenye pilau, na Jilala akaongezewa mara mbili.