Udongo Unapanda Gari

"Simama! Habakuki, simama!"

Mwaija aliligonga bodi la lori kwa viganja vyote viwili. Dereva akafunga breki, vumbi likawafikia na kuwapita, na mitungi ikagongana ndani ya majani makavu ilimofungwa. Habakuki akatoa kichwa dirishani, macho yamemtoka.

"Kimevunjika nini?"

"Hakijavunjika kitu. Wapishe kanga wavuke."

Kweli walikuwa wanavuka, kundi zima, kila mmoja na haraka yake isiyo na maana, na yule wa mwisho akasimama katikati ya barabara kana kwamba amesahau kitu nyumbani. Mwaija akacheka peke yake. Habakuki alilaani kwa sauti ndogo, maana mama wa umri ule halaaniwi kwa sauti kubwa, akaondoa gari.

"Wifi, wewe utatuchelewesha," alisema Swaumu, dada wa mumewe, aliyekuwa amekalia mikeka yake ya kuuza. "Kanga si hata kwetu wapo? Kila msimu wanatufukulia mbegu."

"Wa kwetu nawafukuza. Hawa nawatazama."

Ndivyo alivyokuwa. Mwaka mzima Mwaija alikuwa wa watu: wa shamba, wa mume, wa wajukuu, wa kila mwenye kuhitaji chungu. Siku za kwenda Korogwe kwenye maonyesho ya Saba Saba tu ndizo zilikuwa zake, na hakutaka hata kipande kimoja cha njia kimpite. Nyani walioketi kando ya barabara wakichambuana chawa, aliwasalimia. Hondohondo akiruka na lile domo lake zito, alimwonea huruma. Tumbili mwenye mtoto aliyemng'ang'ania tumboni alimfanya ainuke na kushika bodi, na Swaumu alimvuta kwa kanga aliyojifunga asije akaanguka. Mumewe, Mhina, humtania kila mwaka kwamba mtembezi hula miguu yake, naye humjibu kwamba yeye anakula kwa macho. Na alichokila huko kilionekana kwenye vyungu vyake. Madoa ya kanga aliyatoboa shingoni mwa mtungi kwa ncha ya bua la mtama, na mkia wa nyani uliokunjwa ukawa kishikio cha mfuniko. Watu wa Korogwe walivipenda vitu hivyo wakavigombea.

Safari hii lakini alikuwa na jambo. Ulikuwa mwaka wa Operesheni, na tangu mavuno yaanze kukusanywa ilikuwa ikisemwa kwamba vitongoji vyote vya ndani vitahamia kijiji kipya cha barabarani, upande wa Mkata. Shule itakuwepo, na bomba la maji. Mwaija hakuwa na ugomvi na shule wala bomba. Ugomvi wake ulikuwa na mchanga, maana pale barabarani kulikuwa na mchanga mtupu, na mchanga haufinyangwi. Udongo ulikuwa kwao, Kwemihambo, bondeni nyuma ya nyumba yake, katika shimo walilochimba mama yake na bibi yake. Kutoka barabarani kwenda na kurudi ni kutwa nzima ya mwenye miguu mizuri, na wafinyanzi wa Kwemihambo wengi wao walikuwa wameshaanza kulalamikia magoti. Wakamtuma yeye. Wewe ndiye unayefika kwa wakubwa, walimwambia, kawaombee hizi nyumba zetu chache zibaki karibu na shimo.

Korogwe walimkuta Bwana Yordani, afisa utamaduni, kijana mpole mwenye suti ya mikono mifupi, akigawa sehemu za kukaa. Mwaija aliomba dakika moja kwanza, akazunguka uwanja mzima kama alivyozoea. Aliona vigoda vilivyochongwa kwa gogo moja. Aliona mifuko ya katani iliyosukwa na wanawake wa kambi za mkonge, myekundu na ya kijani, na vikapu vya Lutindi vilivyobana hata maji yangesitasita kupita. Alivishika, akavinusa, akauliza hiki kimefungwaje, kile kimeanzia wapi. Furaha ilimjaa kifuani mpaka akaona haya kidogo.

Alipolieleza ombi lake, Bwana Yordani alisikiliza mpaka mwisho.

"Mimi sina uwezo huo, mama," alisema. "Lakini siku ya kufunga atakuja mgeni rasmi, na mambo ya vijiji yako mikononi mwake. Wewe finyanga hapa, watu waone. Siku hiyo uvichome vyungu mbele yake. Akishafurahi, nitakuita mwenyewe useme."

"Kufinyanga nitafinyanga. Kuchoma hapana."

"Kwa nini?"

Mwaija alitazama chini. "Kuchoma hakuonwi na mwanamume, baba."

Hakuwa anatia madoido. Wanaume wa kwao hawakanyagi mahali pa kuchomea, na mume mwenye adabu hupita mbali hata moto ukiwa umezimika. Utotoni Mwaija alimwona mama yake akivunja vyungu vya wiki nzima, kimoja kimoja, kwa sababu mtu mmoja alikatiza pale akimtafuta mbuzi wake. Chungu kilichoonwa kinapasuka, walisema wazee, na kisipopasuka chenyewe, udongo utamkataa aliyekichoma.

"Hizo ni imani za zamani, mama," alisema Bwana Yordani kwa upole. "Lakini sikulazimishi. Fikiri."

Alifikiri huku akifinyanga. Alitoa udongo kwenye gunia alilokuja nalo, akainua vyungu vitatu vidogo, akavikwangua kwa gunzi na kuvisugua kwa kokoto, watoto wa shule wamemzunguka. Vilikauka kwa jua na upepo wa Julai, na kadiri vilivyozidi kukauka ndivyo alivyozidi kukosa usingizi.

"Usithubutu, wifi," Swaumu alimwambia. "Utarudi na nini nyumbani?"

"Nisipothubutu nitarudi kuhama. Kama ni kukataliwa, udongo unikatae mimi. Wenzangu wachimbe."

Swaumu aliinuka. Alimsaidia kukusanya kuni.

Siku ya kufunga mgeni rasmi alifika na msafara wake, wote wanaume, wakasimama nusu duara. Mwaija alipanga vyungu juu ya magome, akavifunika kwa nyasi na kuni, akawasha. Moto ulipopanda, jambo la ajabu lilimpata: alijikuta anatega sikio akitamani vipasuke. Vikipasuka, mama yake alisema kweli, na dunia iko vilevile alivyoachiwa. Akasubiri ule mlio. Kuni ziliteketea, majivu yakakaa, naye akavivuta vyungu kwa mti, kimoja, cha pili, cha tatu. Vilikuwa vizima na vyekundu, na hata ufa wa unywele havikuwa nao.

Uwanja ulipiga makofi. Mgeni rasmi alisogea, mtu mzima mchangamfu, jasho usoni, amefurahi kweli.

"Udongo huu umetoka wapi, mama?"

"Kwetu, mzee. Kwemihambo, Handeni."

"Umefikaje hapa?"

"Na gari, mzee."

"Ndugu zangu, mmesikia?" Aliwageukia watu. "Kuna wanaosema hawawezi kuhama, eti kazi zao ziko mahali fulani. Mama huyu amekuja na gunia la udongo, amechomea hapa uwanjani, na kazi mnaiona. Udongo unapanda gari!"

Makofi yakarudi, makubwa kuliko yale ya kwanza. Bwana Yordani alikumbuka ahadi yake. Alimsogeza Mwaija mbele, akasema mama ana ombi. Na Mwaija, aliyekuwa amelipanga ombi lile usiku na mchana, alilisema lote, sauti ikipungua kadiri alivyoendelea. Mgeni rasmi alimshika bega.

"Umeshajijibu mwenyewe, mama yangu. Tutawaletea udongo kwa lori."

Hakuwa na ubaya, na hilo ndilo lililomnyima Mwaija hata mtu wa kumkasirikia. Mwenye nguvu mpishe. Aliinama, akaanza kufagia majivu.

Kesho yake walirudi. Walipopita Segera, nyani walikuwa barabarani, na Habakuki akapunguza mwendo bila kuombwa. Mwaija aliwatazama kama mtu anavyotazama nguo za mwenzake kwenye kamba. Walipofika njiapanda ya kuingia kwao, lori halikukata kona.

"Umepita njia, Habakuki," alisema Swaumu.

"Nimeambiwa niwashushe kijijini." Dereva hakugeuka. "Kwemihambo hakuna mtu tena, mama zangu. Walihamishwa juzi."

Mhina walimkuta barabarani, ameketi juu ya mlango uliong'olewa wa nyumba yao, kitanda upande mmoja, kinu upande mwingine, kuku wamefungwa miguu. Swaumu alipiga ukelele akakimbia kuwatafuta watoto wake.

"Pole na safari, Mama Abdi," alisema Mhina.

"Pole na wewe, Baba Abdi. Nyumba?"

"Wameezua paa."

"Na vyungu vyangu? Vile nilivyoacha vikikauka pale pa kuchomea?"

Mhina alijikuna shingo. "Vimebaki. Wanawake wote walikuwa wanafunga mizigo, na mimi pale sifiki, unajua. Vijana wa mgambo walitaka kupita kule nyuma. Nikawaambia, hapo hakanyagi mwanamume. Walinicheka, wakanisukuma, lakini sikuondoka. Nimesimama njiani mpaka gari lilipojaa." Akainua uso, na kwa mara ya kwanza siku ile ulikuwa na nuru kidogo. "Angalau hilo nimekulindia."

Mwaija alihamisha mkononi kimoja cha vile vyungu vitatu vya Korogwe.

Mhina akaona kile chungu kidogo mkononi mwake. Akakichukua, akakigonga kwa kifundo cha kidole, akasikiliza.

"Kimeiva hiki. Ni kipya. Umekichomea wapi?"

Mwaija alikitwaa chungu taratibu, akakijaza maji kutoka kwenye debe la jirani, akakiweka juu ya mchanga kati yao wawili. Chungu kipya hakiachi kutoa jasho. Maji yalijitokeza tumboni mwake, matone madogo sana, yakateremka, na mchanga ukayanywa moja baada ya jingine. Mhina bado alikuwa anamtazama, akingoja jibu.