Mtabiri Aliyechelewa Kupanda

Tukiran mwenyewe hakuwahi kudai kuwa mchapakazi. Katika kijiji cha Kedungsari, ambako watu huingia mashambani ukungu ukiwa bado umelalia majaruba, yeye alijulikana kuwa mtu wa mwisho kulowesha miguu. Alikuwa na majaruba mawili ya mpunga kando ya mto, mke aitwaye Lasiyem, na njiwa aitwaye Guntur, maana yake Radi. Ukimuuliza ni kipi kati ya hivyo alichokitunza vizuri zaidi angeona haya kukujibu, maana kila asubuhi Guntur alikuwa ameshaogeshwa kabla mwenyewe hajanawa uso.

Mwaka ule, mvua za kwanza zilipolainisha udongo, kijiji kizima kilipandikiza miche ndani ya wiki moja. Wanawake walijipanga mstari, wakainama, wakarudi kinyumenyume matopeni, mikono ikichomeka miche na midomo ikichambua ndoa za watu. Upande wa Tukiran palikuwa na maji matupu na bata wa jirani.

"Baba Ningsih," Lasiyem alimwambia, akimwita kwa jina la binti yao aliyekuwa akifanya kazi kiwanda cha viatu mjini, "wenzako wanamaliza kupandikiza. Sisi tunafuga bata wa watu?"

"Jumatatu, mke wangu. Jumapili Guntur ana mashindano ya kuimba."

Jumapili akalifunika tundu la njiwa wake kwa kitambaa, akampakia kwenye pikipiki, akaenda naye hadi mji wa wilaya. Njiwa arobaini, kila mmoja ndani ya tundu lake, walitundikwa juu ya milingoti, na waamuzi wakapita chini yao na karatasi zao, wakisikiliza. Kila njiwa aliimba. Radi peke yake alinyamaza kama aliyefiwa. Tukiran alipiga vidole, akapiga mbinja, akabembeleza. Mwishowe, jasho likimtoka, akaanza kuguna mwenyewe kama njiwa, polepole, kumpa ndege mfano. Mwamuzi mmoja akasogea, akatega sikio, akaandika alama. Kisha akateremsha macho, akaona ni nani hasa aliyekuwa akiimba. Alama ikafutwa. Walipokuwa njiani kurudi, wamesimama kungoja treni ipite, Guntur akafungua koo na kuimba vizuri ajabu. Aliyemsikia ni muuza mbuzi mmoja tu, naye hakuwa mwamuzi.

Jumatatu Tukiran aliumwa na aibu, akaiita homa. Jumanne homa ikaendelea. Jumatano alikwenda kuazima kinoo kwenye kibanda cha kahawa cha Sarmidi, akakaa huko hadi adhuhuri, akarudi bila kinoo. Miche yake ilikuwa ikimngoja nyuma ya jiko. Wenzake walisia mbegu kwenye kona za majaruba yao, yeye alisia pale nyumbani, kwenye kimwinuko, kwa sababu pale angeweza kumwagilia kwa ndoo ya kisima akiwa amekaa kwenye benchi.

Alhamisi mvua ikaanza huko juu milimani. Ilinyesha siku mbili mfululizo, na Jumamosi asubuhi tuta la mto likapasuka. Hakufa mtu, wala hakufa nyati wa kulimia. Lakini maji yalipopungua, majaruba yote ya bondeni yalikuwa yamezikwa chini ya tope zito la kijivu, na miche ya kijiji kizima ilikuwa chini ya tope hilo.

Watu walisimama juu ya matuta wakitazama tope. Wartini, mjane aliyekuwa amemzika mumewe mwaka uliotangulia, alishuka matopeni akaanza kufukua kwa vidole, hapa na pale, kama anayetafuta hereni. Hakupata hata mche mmoja. Tukiran alimtazama, roho ikamuuma kweli. Hakukuwa na unafiki katika hilo. Ila chini ya maumivu yale palikuwa na kitu kingine kilichomtekenya, nacho kilikuwa furaha, na aliionea haya furaha hiyo kuliko alivyoionea haya homa ya Jumatatu.

Kwa sababu miche yake ilikuwa hai. Ilikuwa imerefuka kidogo kupita umri, lakini ilikuwa ya kijani, imesimama nyuma ya jiko kama askari waliosahauliwa kupelekwa vitani.

Wakasaidiana yeye na Lasiyem, wakakwangua tope, wakapandikiza kwa siku tatu. Miche iliyobaki Lasiyem akaifunga matita, akampelekea Wartini ya kutosha jaruba lake lote, na majirani wengine akawapa kidogo kidogo. Hakumwomba mumewe ruhusa. Wengine walisia upya, wakavuna kwa kuchelewa na kwa uchache.

Siku ya nne Sarmidi, yule mwenye kibanda cha kahawa, aliweka glasi mbele ya Tukiran, akainamia meza.

"Hebu niambie, Pak Tukiran. Ulijuaje?"

"Nilijuaje nini?"

"Acha hizo. Kijiji kizima tunapanda, wewe umekaa tu. Ukaweka kitalu juu, sisi tukaweka chini. Halafu mto unapasua tuta. Ulijuaje?"

Kabla ya siku hiyo Sarmidi alikuwa hajamwita Pak, kama aitwavyo mtu wa kuheshimiwa. Alikuwa akimwita "wewe," na siku mbaya "wee." Watu sita kwenye benchi waligeuka. Hapo ndipo ukweli ulipopita mbele ya Tukiran, mfupi, rahisi, wa maneno manne: nilikuwa mvivu, Pak Sarmidi. Akauona kabisa. Akavuta sigara yake ya karafuu, akapuliza moshi, akainua macho mbinguni.

"Dalili zilikuwepo," akasema.

Basi. Maneno mawili tu, na kijiji kikapata mtabiri.

Hata yeye alishangaa jinsi kazi ile ilivyokuwa nyepesi. Mtu akimuuliza kama siku fulani itafaa kwa harusi, alikuwa akiwatazama siafu, akashika kidevu, akasema, "Si mbaya." Ikinyesha, alikuwa hajasema ni nzuri. Isiponyesha, alikuwa hajasema ni mbaya. Watu wakaanza kumletea ndizi. Sarmidi alimletea mkungu mzima. Pak Harjono, mkuu wa kijiji, alimtoa kwenye mkeka wa nyuma mikutanoni akampa kiti cha mbele, kiti cha plastiki chenye mikono, na Tukiran akajifunza kukikalia kwa mguu mmoja juu ya mwingine. Alianza hata kutembea polepole. Aliona mtu ajuaye mambo ya mbingu hapaswi kuharakisha.

Aliyekataa kusujudu ni Lasiyem.

"Bwana Mtabiri," alikuwa akimwita kutoka jikoni, "kuni zimelowa. Hukuona dalili?"

Wakati wa mavuno mambo karibu yaharibike. Tukiran alianika mpunga wake kwenye turubai kando ya barabara, akaenda zake kwa Sarmidi. Alikuwa katikati ya kuwaeleza watu kwamba upepo wa siku ile ulikuwa wa ukame aliposikia matone ya kwanza juu ya bati. Alikimbia na saruni yake mkononi, matako nusu nje, mtabiri mzima, akakuta mpunga wake unaelea. Jirani mmoja aliyekuwa akipita akasema kwa heshima, "Kumbe mpunga unapaswa kuloweshwa kwanza?" Na Tukiran, Mungu amsamehe, akajibu, "Kidogo tu." Kesho yake jirani yule naye akamwagia wake maji.

Usiku ule Tukiran hakucheka. Aliona wazi kwamba sasa upumbavu wake ulikuwa umeanza kuota kwenye mashamba ya wengine.

Msimu mpya ukafika. Kwenye mkutano wa kugawana zamu za maji, Pak Harjono alisimama, akakohoa.

"Ndugu zangu, mwaka jana tuliharakisha, mkaona yaliyotupata. Mwaka huu hakuna atakayepandikiza mpaka Pak Tukiran aseme. Nimeshaandika hata barua wilayani kuwaeleza kwamba sisi hapa tuna mtaalamu wetu."

Makofi yakapigwa. Tukiran kwenye kiti chake chenye mikono aliuteremsha mguu uliokuwa juu ya mwingine. Nyuso mia moja zilimtazama, na nyuma ya kila uso palikuwa na chungu cha wali.

"Ngojeni kwanza," akasema. Lilikuwa neno pekee lililomjia, na kwa kweli ndilo neno pekee alilolijua vizuri maishani mwake.

Wakangoja. Wiki moja ikapita, mvua nzuri, udongo laini. Watu walikuja asubuhi, wakasimama uani, wakamtazama akitazama mawingu. Aliogopa kusema pandeni, maana mto ungeweza kupasuka tena. Aliogopa kusema nimewadanganya, maana angepasuliwa yeye. Kwa hiyo alisema ngojeni. Wiki ya pili ikapita. Alikonda. Alianza kuwatazama siafu kwa dhati kabisa, amepiga magoti, akiwasihi wamwambie chochote. Siafu walikuwa na kazi zao.

Mchana mmoja Wartini akaja. Miguu yake ilikuwa na matope hadi magotini, na mkononi alishika tita la miche. Aliliweka kwenye benchi mbele ya Tukiran. Majani yalikuwa yameanza kuwa manjano kwenye ncha.

"Kaka," akasema, "ina siku thelathini na tatu. Sikuja kukuharakisha. Mwaka jana mliniokoa wewe na dada, nami ukiniambia ningoje hadi izae kwenye kitalu, nitangoja. Nimekuja tu unieleze, ili usiku nilale. Ni dalili gani tunayoisubiri?"

Angemtukana ingekuwa afadhali. Tukiran alifungua mdomo kusema kitu kuhusu upepo. Lasiyem alikuwa amesimama mlangoni na upawa mkononi, akimtazama. Safari hii hakumwita Bwana Mtabiri.

"Wartini," Tukiran akasema, "kapande. Kapande leo."

"Dalili imekuja?"

"Hapana dalili. Haijawahi kuwepo. Nenda kapande, mimi nina maneno ya kusema barazani."

Ilikuwa Ijumaa. Wanaume walikuwa wametoka msikitini, wamekaa kwenye baraza la kijiji kwa karamu ya dua, wali wa manjano umesimama katikati kama kilima, kuku amelala ubavuni. Pak Harjono alimwonyesha kiti. Tukiran hakukaa.

Aliwaambia yote. Aliwaambia kuhusu mashindano na jinsi alivyoguna kama njiwa mbele ya watu wazima, kuhusu homa isiyokuwepo, kinoo kisichoazimwa, benchi la kisimani. "Nilichelewa kupanda kwa sababu mimi ni mvivu," akasema. "Kama mto usingepasuka, mngenicheka hadi leo, na mngekuwa na haki. Kuhusu mbingu najua kile anachojua bata. Tena bata ananizidi, maana yeye mvua ikinyesha hupata faida."

Wali ukapoa. Kisha mtu mmoja nyuma akaguna kama njiwa, kwa sauti nyembamba, na baraza zima likaangua kicheko.

Sarmidi hakucheka. "Nilikupa mkungu mzima wa ndizi!" akapiga kelele. "Mzima! Mama yangu mzazi nilimkatia nusu!"

"Zilikuwa tamu, Pak Sarmidi."

"Mbwa wewe!"

"Na mimi barua yangu?" Pak Harjono alikuwa amejishika kichwa. "Nitawaambia nini wilayani?"

"Waambie mtaalamu amefariki," akajibu mzee mmoja, tayari akinyoosha mkono kwenye kuku.

Jirani aliyemwagia mpunga wake maji alitaka kumpiga. Wakamshika, ingawa hawakumshika kwa nguvu sana, na kofi moja likapita. Tukiran alilipokea. Alipolipima baadaye, aliona lilikuwa dogo kuliko deni la dhambi zake.

Kesho yake alfajiri kijiji kizima kilikuwa matopeni. Miche mizee huhitaji kuwekwa mingi kila shimo na mikono mingi ya kuiweka, kwa hiyo Tukiran aliamriwa kusaidia jaruba la kila mtu kabla ya lake. Aliingizwa kwenye mstari wa wanawake, katikati ya Wartini na mama mmoja mnene aliyeimba vibaya, akafundishwa kurudi kinyumenyume. Alianguka mara mbili kabla ya saa mbili asubuhi. Wanawake walisitisha umbea wao kumsengenya yeye, uso kwa uso, naye akachangia pale waliposahau jambo.

Mwaka ule mto haukupasuka. Mavuno yalipungua kwa sababu ya zile wiki mbili, karibu gunia moja katika kila matano, na hakuna aliyemficha Tukiran hesabu hiyo. Wartini alipata ya kumtosha. Kiti chenye mikono alipewa mwalimu wa shule, na Tukiran akarudi kwenye mkeka wa nyuma, ambako aligundua kwamba sahani za kuku hufika zikiwa bado zimejaa iwapo umekaa karibu na mlango wa jiko.

Lakini kabla ya mavuno hayo, jioni ya siku ya mwisho ya kupanda, mgongo wa Tukiran ulikataa kunyooka. Alilala kifudifudi barazani kwake, na Lasiyem akampaka mafuta, akachukua sarafu ya zamani, akaanza kumkwangua mgongo kwa mistari myekundu, kama wafanyavyo watu wa huko kutoa baridi mwilini. Alikwangua kwa nguvu kuliko baridi ilivyohitaji.

"Pole pole, mke wangu! Unakwangua mtu au sufuria?"

"Nyamaza. Mwaka mzima nimeishi na mtabiri, sijapata hata nafasi ya kumgusa." Akakwangua mstari mwingine. "Leo nimemwona mume wangu matopeni. Amechafuka, amechoka, hajui hata kushika mche."

"Na ukamwonaje?"

Lasiyem alifikiri, sarafu imesimama juu ya bega.

"Si mbaya," akasema, akaendelea kukwangua.