Ulimi wa Baba Mkwe

Baba mkwe alivuta maji kwenye kijiko kwa ule mlio wake wa kazini, ambao mtoto akiutoa mezani hukemewa. Akayazungusha mdomoni, akayatema kwenye sinki la karakana yangu, akafikiri kidogo.

"Bado," akasema.

Nikamwaga maji ya bakuli na kutia mengine. Ndani kilibaki kibao cha plastiki ya waridi, kidogo kama kiberiti, nilichokitengeneza kwa ajili ya kinywa chake. Mimi ni fundi wa meno bandia. Watu wengi wanacheka mjini kwa meno yangu, lakini hakuna kazi iliyonitoa jasho kama kibao kile.

Yeye alikuwa mwonjaji wa chai. Miaka yote kiwandani alisimama mbele ya safu ya vikombe vyeupe, akivuta na kutema, akiwaambia wakubwa majani yapi yamekaushwa kupita kiasi na yapi yamelala kwenye unyevu. Mume wangu hupenda kunitania kwamba siku niliyoletwa kwao, babake alionja chai yangu kwanza, salamu yangu akaiitikia baadaye.

Kisha uvimbe ukamwota kwenye kaakaa. Daktari wa mionzi alitueleza bila kuzunguka. Uvimbe ungetibika, lakini mionzi huchoma kila inachokikuta njiani, na ulimi ulikuwa hapo chini tu. Vidonda vingepona. Ladha huenda isirudi kabisa.

Baba mkwe hakuuliza habari za maumivu. "Ulimi hauwezi kuwekwa pembeni?"

"Unaweza," daktari alisema, "tukipata kitu cha kuulaza chini mashine inapofanya kazi. Ila kitengenezwe kwa kipimo cha kinywa chako mwenyewe."

Wote wawili wakanigeukia.

Ukwe una heshima yake. Mzee ambaye sikuwahi hata kukaa naye kochi moja, leo nimtie vidole mdomoni! Nilipomjazia rojo la kuchukua umbo la meno, yeye alifumba macho kwa haya, nami nikatazama dirishani. "Mama yenu asijue," alisema alipomaliza kutema mabaki, na hapo nikacheka, woga ukanitoka.

Kibao kilikaa sawasawa. Aking'ata, kinywa kilibaki wazi na ulimi ukalala chini. Lakini kwenye picha za majaribio daktari alituonyesha kitu: ulimi ulikuwa umejikunja na kupanda ubavuni mwa kibao, pale pale mionzi itakapopita. Tukarudia. Ukapanda tena. Baba mkwe aliinamisha kichwa.

"Sifanyi makusudi," alisema. "Hicho kitu kina ladha. Ulimi unaenda kukiangalia."

Plastiki mpya huacha ladha, ndiyo maana huwa tunailoweka. Nami nilikuwa nimeiloweka vizuri tu. Nikayaonja maji niliyokilowekea mwenyewe. Kwangu yalikuwa maji.

Matibabu hayakuweza kusogezwa zaidi ya wiki ile. Basi kila alipotoka kiwandani alipitia karakana, akaonja, nami nikamwaga. Nilianza kumtazama kwa mshangao. Wengi wetu ulimi tunautumia kusengenyea watu. Wake ulikuwa unasikia kitu ambacho mimi, niliyeichanganya plastiki ile kwa mikono yangu, sikukisikia. Nikaogopa kwamba ulimi ule unaweza kuunguzwa.

Adhuhuri moja alivuta, akazungusha, akameza.

"Haya sasa ni maji."

Kwenye picha mpya ulimi ulilala chini, umetulia kama mbwa aliyeshiba. Daktari aliitazama, kisha akaenda kumwita mwenzake naye aje aone.

Siku za matibabu nilimtazama kwenye skrini iliyo nje ya chumba cha mitambo. Kinyago cha wavu, cha kumzuia asitikisike, kilimbana uso, kibao kiko mdomoni, na mashine kubwa ikimzunguka bila kumgusa. Hakuna kilichoonekana kikipita. Hata hivyo kaakaa lilichubuka, akashindia uji wa baridi na kusukutua maji ya chumvi, akakonda hadi kola zikampwaya. Kuhusu ulimi hakusema neno, nasi hatukuthubutu kumuuliza.

Vidonda vilipopona alikuja kwetu. Nikabandika chai. Mume wangu alisimama mlangoni mwa jikoni, hakuingia. Baba mkwe akavuta kwa mlio ule ule, akazungusha, akaweka kikombe chini. Nilikuwa nimeshika kitambaa cha vyombo kwa mikono miwili.

"Mama," aliniambia kwa upole, "sufuria hii ilichemshiwa maziwa."

Ilikuwa imechemshiwa, asubuhi, na nilikuwa nimeisugua mpaka ikang'aa. Mume wangu aligeuza uso ukutani. Mimi machozi yalikuwa yananitoka kwa furaha, na sikuyafuta. Niliimwaga chai ile, nikatafuta sufuria nyingine.