Pikipiki Iliyorudishwa

Pikipiki ilikuwa imeegemezwa ukutani, kando ya mlango wa Norah, kama mgeni aliyeambiwa asubiri kidogo kisha akasahauliwa. Gurudumu la mbele lilikuwa limepinda na kutazama pembeni, taa imebaki shimo, na usukani uliokuwa uking'aa enzi za marehemu mumewe Mulama ulikuwa umekunjika kama pembe ya ng'ombe mkorofi. Juu ya kiti paliwekwa ufunguo. Mtu hakuwapo.

Norah hakuhitaji kuuliza ni nani aliyeileta. Wakoli, mume wa binti yake Celine, ndiye aliyeisukuma alfajiri kutoka Baba Dogo mpaka hapa Kariobangi, akaiweka, akaenda zake bila hodi. Siku nyingine Norah angesema mkwe ana adabu, hataki kumkuta mama mkwe wake hajajifunga kitambaa kichwani. Leo alijua si hivyo. Kitu ulichopewa na wakwe hukirudishi hivi hivi. Mulama alimpa Wakoli pikipiki hii kwa mkono wake mwenyewe, mwaka aliostaafu kazi ya kaunsili, akamwambia, "Huu ni mguu wa binti yangu. Ukitembea, atakula." Sasa mguu umerudi umevunjika, na aliyeurudisha hakutaka uso wake uonekane.

"Mama Celine!" Waringa, jirani anayeuza viazi karai, aliita kutoka bombani. "Ndiyo hiyo iliwatupa? Woi! Na yule mbwa alikufa?"

"Mbwa gani?"

"Si mkwe wako amesema ni mbwa aliwakatia barabara?"

"Aa. Huyo." Norah alishika ndoo yake kana kwamba ilikuwa na neno la kumwambia. "Sikumwona vizuri."

"Ungemwonaje na ulikuwa chali!" alisema Waringa, na wanawake wote wa bombani wakacheka. Norah naye akacheka, lakini kwa midomo tu. 

Kwa sababu mbwa hakuwako. Wa rangi yoyote. Barabara ilikuwa tupu kama sahani iliyolambwa.

Kwao Norah, huko magharibi, mtu hakai kitako na mama mkwe wake. Hampi mkono. Hamtazami usoni kwa muda mrefu. Mjini nyumba ni chumba kimoja na heshima inahitaji nafasi, kwa hiyo watu hutumia akili. Wakoli akija, huketi mlangoni kabisa, nusu yake ndani na nusu nje, na Norah hukaa nyuma ya pazia la kitanda. Huongea vizuri sana, habari za kazi na za watoto, kila mtu akiliambia pazia. Celine asipokuwapo, Norah huweka kikombe cha chai juu ya kigoda, hurudi nyuma, ndipo Wakoli hukichukua. Hawajawahi kushika kikombe kimoja kwa wakati mmoja, na kwa hilo Norah alijivuna. Aliwaambia wenzake kanisani, "Mkwe wangu ni wa zamani, hata kama amezaliwa juzi."

Halafu ikafika siku ya matanga ya dada yake kule Njiru. Matatu zilikuwa zimegoma. Celine akasema, "Mama, panda tu na Wakoli." Norah akakataa. Wakoli naye akakataa, akiangalia mbingu. Celine akawauliza kama wanataka maiti iwasubiri.

Ndipo Norah akapata shauri. Alichukua kikapu chake kikubwa, akakijaza viazi vitamu vya kupeleka msibani, akakiweka juu ya kiti katikati yao. Kikapu kiwe pazia. Wakoli mbele, kikapu katikati, Norah nyuma amekaa upande na magoti yamefungwa pamoja. Walienda hivyo hadi Barabara ya Kangundo wakiwa na heshima zao zote.

Karibu na Njiru kulikuwa na tuta ambalo halikupakwa rangi. Pikipiki iliruka. Kikapu kikaenda zake, viazi vikamwagika lamini, na Norah, kabla akili haijamkumbusha yeye ni nani, alitupa mikono mbele akamkumbatia mkwe wake kiunoni. Kwa mikono yote miwili. Na shavu lake likagonga mgongo wake.

Wakoli aliruka kama mtu aliyemwagiwa uji wa moto. Aliachia usukani.

Hiyo ndiyo ajali yote. Hapakuwa na lori, hapakuwa na mvua. Mwanamume wa miaka arobaini aliguswa na mama mkwe wake, akaachia usukani.

Norah alipofumbua macho alikuwa mtaroni, leso imepanda mpaka pasipotajwa. Wakoli alikuwa amesimama karibu, amempa mgongo, viganja vyote viwili juu ya macho, damu inamtoka kiwikoni, na alikuwa anaita kwa nguvu kuelekea shamba la mahindi, "Mama! Uko mzima? Mama!" Hakuweza kugeuka. Hakuweza kumwinua. Alikimbia kuwaita wanawake wa kibanda cha mboga, nao wakaja na umati mzima nyuma yao. Mtu akauliza kumetokea nini. Wakoli akasema, "Mbwa." Norah, akivuta leso yake, akasema, "Ndiyo. Mbwa."

Kijijini jambo kama hili lingeitiwa wazee, kondoo angechinjwa, soni ingefutwa, basi. Hapa Kariobangi ungemchinjia wapi kondoo, bombani? Kwa hiyo soni ilikaa. Ilikaa na Norah mezani, ikalala naye, na sasa ilikuwa imeegemezwa ukutani mlangoni pake ili kila mpita njia aione.

Celine alikuja saa nne, macho mekundu.

"Umeiona?"

"Si ni hiyo."

"Amesema uamue mwenyewe. Ilikuwa ya Baba. Ukitaka uitengeneze, ukitaka uiuze. Yeye haitaki." Celine aliketi kitandani. "Mama, Wakoli hali. Amefunga begi. Anasema anarudi Bungoma akalime miwa na kaka yake. Nikimuuliza mimi na watoto je, anasema atatuma kitu. Steji ya bodaboda wanamcheka, wanamwita Wakoli wa Mbwa. Wanasema mtu mzima anaangushwa na mbwa koko barabara tupu, nani atampandia tena?"

Norah alikuwa anachambua mchele. Aliendelea kuchambua.

"Mama."

"Nakusikia."

"Huyo mbwa alikuwa wa rangi gani?"

Mkono wa Norah ulisimama juu ya ungo. "Sikumbuki."

"Maana yeye, jana alikuwa mweupe. Leo ni mweusi."

Norah alitaka kusema. Neno lilifika kwenye meno. Lakini utamwambiaje mtoto uliyemzaa kwamba ulimkumbatia mumewe? Alilimeza, likashuka kama mfupa wa samaki. "Nenda ukamwite fundi Mugo," akasema. "Ni afadhali iuzwe."

Na kweli aliona ni afadhali. Ikiuzwa, itakatwakatwa huko kwa mafundi wa jua kali, injini itaenda kwa mmoja, tangi kwa mwingine, na soni nayo itagawanywa isijulikane ilikuwa ya nani. Wakoli ataenda Bungoma. Miwa haicheki mtu. Alijiambia hivyo, na kila alipojiambia alimsikia Mulama, "Ukitembea, atakula."

Mugo alifika amejifuta mikono kwa kitambaa cheusi kuliko mikono. Akachuchumaa, akapapasa huku na huku, akapiga tangi kwa kidole.

"Shosho, hii ni kitu ya zamani lakini ni chuma. Siku hizi hawatengenezi hivi. Fork nyingine, rimu, taa, usukani tunyooshe, inatembea. Ama niichukue mimi nikauze vipuri. Vyote sawa, wewe sema."

"Chukua," Norah akasema, akanyoosha mkono wenye ufunguo.

Waringa alikuwa amesogea na karai lake la viazi, kwa maana biashara hufuata watu. Celine alisimama mlangoni, mkono mdomoni.

Mugo hakupokea ufunguo mara moja. Alikuwa bado anafinya breki. "Lakini breki ni nzima. Tairi nzima." Akacheka kidogo, bila ubaya. "Hapa kilichoharibika ni dereva. Huyo jamaa, hata kama ni mkwe wako, shosho, msimpe chombo tena. Mtu akimwona mbwa tu anatupa mzazi mtaroni?"

"Mimi nilisema!" Waringa akadakia. "Nilisema yule ni mwoga. Maskini Celine."

Norah alimtazama binti yake. Celine alikuwa ameinamisha kichwa, amebeba aibu isiyo yake, kama mtoto anayetumwa na mzigo asiujue ndani mna nini. Mficha uchi hazai, wahenga walisema. Norah alikuwa amezaa. Akaurudisha ufunguo kifuani.

"Hakukuwa na mbwa," akasema.

"Eh?"

"Hakukuwa na mbwa. Nilimkumbatia."

"Ulimkumbatia nani?" Waringa aliuliza, na uma wake ukabaki hewani na kiazi kikidondosha mafuta.

"Mkwe wangu. Tuliruka tuta, nikamshika kiunoni, mikono yote miwili. Akashtuka, akaachia. Angekuwa kijana asiye na heshima, hangeshtuka. Tungefika Njiru salama." Akamgeukia Mugo. "Anaendesha vizuri. Ni mimi niliyewaangusha."

 Mahali fulani mtoto alikuwa anapiga kopo. Kisha Waringa akajipiga paja.

"Kumbe mbwa alivaa leso!"

Mugo aligeuka akakohoa kikohozi kirefu sana ndani ya kile kitambaa chake. Bombani kicheko kilianza kwa mmoja kikaenda kwa wa pili, na Norah akajua kabla ya viazi vya jioni kuisha mtaa mzima utakuwa umekula na habari hii. Masikio yalimwaka. Alitamani ardhi ya Kariobangi, ngumu ilivyo, impasukie. Haikupasuka. Basi akasimama hapo hapo wakacheka mpaka wakachoka. Ni Celine tu ambaye hakucheka. Alikuwa anamtazama mama yake kama anayemwona akirudi safari ya mbali.

"Itengeneze," Norah akamwambia Mugo. Akaweka kiganja juu ya kiti, pale kikapu kilipokuwa. "Na hapa katikati unichomelee chuma. Cha mtu kushikilia."

"Lakini abiria hushika nyuma, shosho, kwa keria."

"Mkono wa mzee hauendi nyuma. Ukiogopa unaenda mbele. Kiweke mbele."

Mambo ya malipo waliyamaliza kwa sauti ya chini, kidogo kidogo, kama watu wanaojuana.

Wakoli alipoitwa kuja kuitazama ikiwa imetengenezwa, habari ilikuwa imemtangulia Baba Dogo. Alisimama getini kwa muda. Kisha akaja, akasimama upande wa pili wa pikipiki, macho kwenye ukuta. Norah naye alikuwa mlangoni, macho kwenye pindo la leso yake.

"Habari ya asubuhi, Mama."

"Nzuri, baba. Watoto?"

"Wazima." Akakuna kiwiko. "Steji hawaniiti tena wa Mbwa."

"Wanakuitaje?"

"Hawaniiti. Wakiniona wanajikumbatia tu."

Norah alifunga macho. "Hata mimi bombani wananifanyia hivyo."

"Hukupaswa kusema, Mama. Mimi ningeubeba mzigo."

"Ulikuwa unaenda kuubeba mpaka Bungoma, umwachie mwanangu watoto na njaa. Na wewe nani alikutuma kufuga mbwa asiyekuwako?"

Kicheko kilimponyoka Wakoli puani, akakirudisha haraka. Norah alitoa ufunguo kifuani, akauweka juu ya kiti, akarudi nyuma hadi kizingitini, kama afanyavyo na chai. Wakoli akasogea, akauchukua. Ndipo akakiona kile chuma: kimepinda kama mpini wa kikapu, hakijapakwa rangi, alama za moto bado za buluu. Akakishika. Akakitikisa kwa nguvu zake zote, kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Kimekaza," akasema.

"Nilimwambia akaze."

Alipanda, akapiga teke mara kadhaa, injini ikakohoa kisha ikaitika kwa ile sauti nzito aliyoizoea Mulama akirudi kazini. Waringa alichungulia dirishani. Wakoli hakuondoka. Alikaa amelielekea lango, amempa Norah mgongo.

"Celine anasema Jumapili mnaenda kumwona dada yako kaburini, Njiru," alisema kwa sauti ya juu, akiliambia lango. "Matatu siku hizi ni shida."

Haikuwa kweli. Matatu zilikuwa zimejaa tele barabarani.

Norah alitazama kile chuma, akaitazama mikono yake. Joto lilimpanda shingoni mpaka masikioni, lile lile, halijapungua hata kidogo.

"Nitakuja na kikapu," akasema.