Kabichi ya Memsabu

Jikoni kwangu sitaki mtu achungulie. Hata Bwana Felton mwenyewe, Mwingereza aliyeniajiri Nachingwea wakati wa mradi mkubwa wa kulima karanga, alikuwa akibisha hodi kwanza. Yaliyotokea Jumamosi ile ya mwaka 1950 yalitokea kwa sababu mtu hakubisha hodi.

Bwana aliwaambia watu wote kwamba mkewe ni Mholanzi, maana vita vya Hitler vilikuwa vimeisha juzi tu na Mjerumani hakutakiwa. Mholanzi wapi! Siku ya tatu tu nilimsikia akilitukana jiko kwa Kijerumani, nikainama kuficha uso. Mimi Isihaka wa Malolo niliwapikia Wajerumani kule Lindi kabla ya vita ya kwanza, na matusi yao nayajua yote. Lakini karani wa kampuni aliponiuliza kama niliwahi kuwatumikia, nilisema hapana, maana wenzangu wawili waliosema ndiyo walirudishwa makwao. Basi nyumba ile ilikuwa na waongo watatu.

Memsabu alikuwa na mimba ya miezi mitano, na chakula hakikai tumboni. Nikipika supu, anatapika. Viazi, anatapika. Pudini ya Bwana akiiona tu, anakimbilia nje. Daktari alimwambia Bwana barazani, nami nasikia, kwamba mambo yakiendelea hivyo wiki mbili zaidi, mtoto hatapona, na mama naye si hakika kupona. Niliogopa, siwafichi. Mke wangu wa kwanza alinifia akiwa na mimba kama ile, amekonda vilevile, mikono imebaki mifupa.

Siku moja nikamsikia stoo akisema peke yake, kwa lugha yao, kwamba angepata kabichi chachu ya kwao angekula. Nikakata shauri. Kabichi zilipokuja na lori la Lindi nilizikatakata nyembamba, nikazitia chumvi, nikazishindilia mtungini na jiwe juu. Kila asubuhi nikawa naondoa povu. Gaudens, dobi wetu, akaanza maneno.

"Mzee Isihaka, umeficha maiti humo?"

"Wewe fua nguo zako," nikamwambia. Lakini roho ilikuwa juu. Harufu ile haijifichi, na Mwingereza aliyepigana Ulaya angeweza kuitambua tangu mlangoni.

Jumamosi ile nikaichemsha na mafuta ya bata, nimpe Memsabu kabla wageni wa chakula cha jioni hawajafika. Wakawahi. Walikuwa Bwana Mkubwa wa matrekta, mtu mrefu anayechechemea, pamoja na mkewe. Huyo mkewe ndiye aliyeamua nani aalikwe na nani asialikwe kwa Wazungu wa Nachingwea, na Bwana Felton alikuwa akimhofia kuliko alivyomhofia mumewe.

Mara mlango ukasukumwa bila hodi. Yule mama akaingia, pua mbele, akafunua sufuria.

"Nani anakula hii?"

Memsabu alikuwa amesimama kando ya meza, ameshika kijiko, midomo imemkauka. Bwana Felton akatokea nyuma ya wageni, uso mweupe.

"Ni yangu, Memsabu," nikamwambia yule mama. "Nilifundishwa na Wajerumani, nikamdanganya karani. Wenye nyumba hawana habari."

Nilijua nimejifukuza kazi mwenyewe. Bwana Mkubwa hakunitazama. Alichukua uma, akachota, akatafuna polepole. Kisha akasema kwa Kijerumani, kama anayejisemea, "Haina mbegu za kisibiti."

"Nyumbani hatutii kisibiti," Memsabu akamjibu kwa lugha ileile. "Mama hutia tufaha."

Akajiziba mdomo. Yule mama akatutazama mmoja mmoja, akacheka kidogo bila furaha.

"Mholanzi," akasema, akachukua mkoba wake, akaenda kukaa garini.

Bwana Felton akabaki mlangoni, mara anatazama gari, mara anamtazama mkewe. Nilimwonea huruma, na hasira pia, maana mkewe alikuwa anakaribia kuanguka na yeye bado anapima aende upande gani. Bwana Mkubwa ndiye aliyemvutia Memsabu kiti.

"Wakati wa vita walinifunga kwenu miaka mitatu," akamwambia. "Nilikula hii kila siku, nikaichukia. Sasa naitamani, wala sijui kwa nini. Wewe kula."

Nikampakulia. Akala bila kuinua kichwa, machozi yakimdondokea sahanini, wala hakuyafuta. Honi ya gari ikalia nje. Bwana Mkubwa hakuondoka. Ikalia tena, ndefu zaidi, na Bwana Felton akafunga mlango, akaketi karibu na mkewe.

"Isihaka," akaniambia taratibu, "mambo ya karani tutazungumza kesho."

"Ndiyo, Bwana."

Memsabu akanyoosha sahani, nikamtilia tena. Akamaliza. Nikachukua ndoo, nikasimama nyuma ya kiti chake, nikingoja atapike. Nilisimama hadi miguu ikafa ganzi. Hakutapika.